Mkwaruzo si kasoro. Kasoro ni nambari iliyofutwa

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii tumeifundisha miaka nenda miaka rudi, na wanafunzi wameiandikia insha pasipo kuiamini. Mimi mwenyewe sikuwahi kuiona ikitembea kwa miguu yake hadi jioni moja ya mvua hapa mjini Eldoret, katika hoteli ndogo isiyo mbali na barabara ya Uganda, kijana mtanashati alipoketi mezani petu, akaagiza chai, kisha akafunua kitambaa mapajani mwake na kutuonyesha bastola.

Ilikuwa safi kama yai. Haikuwa na alama hata moja. Bei yake ilikuwa nusu ya ile ambayo rafiki yangu alikuwa ametajiwa Nairobi.

Rafiki yangu huyo ni mkulima wa mahindi na ngano upande wa Moiben. Majambazi walivamia boma lake mara mbili kabla hajaamua kuomba kibali cha kumiliki silaha. Msomaji asidhani kibali hicho hutolewa kama stakabadhi ya ushuru wa soko. Alichukuliwa alama za vidole, akatafuta cheti cha tabia njema, akahojiwa, akangoja, akahojiwa tena. Mwishowe bodi inayotoa leseni za silaha iliridhika naye, na hapo likabaki swali la mfuko. Bastola mpya ni ghali mno, naye alikuwa na karo za watoto watatu.

Kwa muuzaji aliyesajiliwa huko Nairobi alikuwa amepata bastola iliyokwisha kutumika, aina ya Ceska, ile silaha ya Wacheki ambayo magazeti yetu huitaja karibu kila yanaposimulia visa vya ujambazi. Karatasi zake zote zilikuwapo. Lakini mkwaruzo mrefu ulianzia karibu na mdomo wa mtutu ukafika katikati ya ubavu wa kushoto, na kingo za chuma zilikuwa zimepoteza weusi wake.

"Mwalimu," aliniuliza, "nitanunuaje kitu kilichokwaruzika kama sufuria ya shule ya bweni?"

Swali hilo ndilo lililotufikisha kwenye meza ya yule kijana, na ndilo linalonifanya niandike leo. Nilifundisha kemia kwa zaidi ya miaka ishirini, na sijaona mahali ambapo jicho la mnunuzi hudanganywa kwa wepesi kama kwenye chuma kilichong'arishwa.

Mikwaruzo ya namna ile haina siri. Bastola hubebwa katika ala ya ngozi kiunoni. Kila inapochomolewa na kurudishwa, mdomo na kingo husuguana na ngozi pamoja na vumbi lililonaswa ndani yake. Mara nyingi silaha ya namna hiyo imebebwa sana na kufyatuliwa kwa nadra. Mnunuzi mwenye busara, akiisha kuhakikishiwa kwamba haina risasi, huutazama mtutu kwa ndani, aone kama michirizi yake ya mzunguko bado imesimama wazi au imeliwa na kutu. Humwomba fundi wa muuzaji apime nguvu ya springi na jinsi sehemu zinavyoshikana. Mambo hayo ndiyo yanayostahili kupandisha au kushusha bei, wala si mstari wa ubavuni.

Na weusi uliochubuka je? Hapa walimu wenzangu wa kemia watanivumilia. Weusi ule wenye kivuli cha samawati unaoonekana juu ya bastola nyingi za chuma si rangi ya kupaka. Ni oksidi ya chuma, Fe3O4, inayopatikana kwa kuchemsha chuma katika maji yenye chumvi kali za alkali mpaka uso wake ugeuke. Kwa maneno mengine ni kutu, ila ni kutu iliyofugwa. Kutu nyekundu tuijuayo kwenye mabati hubanduka na kukiacha chuma wazi ili kiliwe tena. Hii nyeusi hushikamana na chuma na kushikilia mafuta yanayokilinda. Basi mkwaruzo unapoiondoa, hatari iliyopo ni unyevu. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua yetu haina haraka ya kuondoka. Pangusa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, wala usiilaze bastola usiku kucha ndani ya ala, kwa sababu ngozi hunywa unyevu na kuutunza.

Zipo dawa za chupa za kurudisha weusi mahali palipochubuka. Nyingi zina madini ya seleni, ambayo ni sumu, kwa hiyo si za kuchezewa kwa mikono mitupu jikoni. Isitoshe, zipo Ceska zilizopakwa rangi halisi kiwandani, na juu ya rangi dawa hizo hazishiki. Ushauri wangu kwa rafiki yangu ulikuwa auache mkwaruzo ulivyo. Alikuwa amekwisha kunong'onezwa kwamba yupo fundi wa kuchomelea vyuma, hodari kwa msasa, awezaye kuulainisha kwa nusu saa. Nilimkataza katakata. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ambayo mizizi yake imo katika miaka ya Hali ya Hatari, humhesabu anayetengeneza silaha kwa biashara kuwa muuzaji wa silaha, na lazima asajiliwe. Tena msasa hauna macho: ukisogea kidole kimoja tu hugusa nambari.

Nambari ndiyo niliyoitafuta kwenye ile bastola safi. Niliigeuza kwenye mwanga. Mahali ilipostahili kuwapo palikuwa laini, tena paking'aa kuliko kwingine kote, na kidole changu kilihisi kibonde chembamba. Nikamrudishia kijana bastola yake.

Wanaofuta nambari hudhani wameimaliza habari. Nambari haiandikwi kwa wino. Hugongwa kwa nguvu, na pigo hilo huzibana fuwele za chuma hata chini ya mahali jicho linapofika. Tupa ikila tarakimu, fuwele zilizobanwa husalia. Wataalamu wa maabara hulainisha mahali hapo, kisha hupaka asidi iliyochanganywa na kloridi ya shaba. Asidi hushambulia sehemu zilizobanwa tofauti na jirani zake, na ikiwa tupa haikuzama mno, tarakimu huanza kujitokeza kama alama ya mguu kwenye mchanga uliolowa. Sijui somo la kemia linaloweza kumwamsha mwanafunzi wa nyuma ya darasa kuliko hilo.

Sisi wa Bonde la Ufa hatuna ruhusa ya kulichukulia jambo hili kama mchezo wa maabara. Idi Amin alipoanguka mwaka 1979, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa, na bunduki zikaanza kumiminika kuelekea huku kwetu. Wafugaji wamezikana kwazo tangu wakati huo. Hapa hapa Eldoret kipo kiwanda cha risasi cha serikali kilichoanza katika miaka ya 1990. Mwaka 2008 watafiti wa Small Arms Survey walichapisha walichokisoma kwenye matako ya risasi huko Turkana Kaskazini, nako wakakuta risasi nyingi za kiwanda hicho mikononi mwa raia. Alama ndogo zilizogongwa kwenye shaba zilisema ambayo maofisa hawakuyasema. Na tarehe 15 Novemba 2016 bunduki 5,250 zilichomwa moto Ngong mbele ya Rais Uhuru Kenyatta. Kila mojawapo ilikuwa na mnunuzi wake wa kwanza mahali fulani.

Narudi hotelini. Tulipotoka, nilisema twende kituo cha polisi. Rafiki yangu alisimama chini ya mwavuli wake akatikisa kichwa. Jina lake likitajwa katika kikao kimoja na mchuuzi wa silaha za magendo, alisema, kibali chake kingekwenda na maji. Nilimwona ana haki ya kuogopa, nikanyamaza. Siku ya pili nikanyamaza. Siku ya tatu alikwenda Nairobi akalipia ile Ceska yenye mkwaruzo, na yule kijana hakupatikana tena kwa simu. Alikuwa amesema kuna mteja mwingine Kitale.

Siku ya nne nilikwenda kituoni peke yangu. Askari wa zamu alinisikiliza kwa adabu, akafungua kitabu cha matukio, akaandika tarehe, jina langu, hoteli, sura ya kijana kama nilivyoikumbuka. Kisha akainua kalamu akaniuliza nambari ya bastola.

Nikamwambia haikuwa nayo.