Ndege wa mpunga hawamalizwi kwa risasi wala sumu

Na Mwalimu wa Gihanga

KILA mpunga unapotoa masuke, wakulima wa Gihanga na tambarare nzima ya Imbo huulizana swali lile lile: ndege hawa tuwafanye nini? Mmoja husema atafutwe mwenye bunduki. Mwingine husema kwa sauti ya chini kwamba kuna dawa inauzwa ng'ambo ya mpaka, ukiipaka kwenye nafaka asubuhi, jioni unaokota ndege kwa gunia. Wa tatu hasemi kitu. Anamtoa mtoto shuleni na kumkabidhi kombeo.

Majibu yote matatu yana gharama yake. Wasomaji wengi wa ukurasa huu ni watu tuliorudi kutoka Tanzania na Kongo, pamoja na wafanyabiashara wanaovuka mpaka kila wiki na mchele, dagaa na vitoweo vya kila aina. Kwa hiyo si vibaya tukatazama yale ambayo wengine wamekwisha kuyapitia, kabla na sisi hatujayalipia.

Haba na haba

Sisi tuliosomea katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, tulimjua adui huyu kwa jina lake: kweleakwelea. Ni ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu, uzito wake gramu 20 hivi. Akiwa peke yake hana la kumfanya mkulima. Lakini hatembei peke yake. Wataalamu hukadiria kuwa kweleakwelea mmoja anaweza kula gramu 10 za nafaka kwa siku. Piga hesabu: kundi la ndege milioni moja humaliza tani 10 kutwa moja, na makundi ya ukubwa huo na zaidi yapo.

Mwezi Januari 2023 iliripotiwa kuwa ndege hao wameharibu ekari 300 hivi za mpunga katika eneo la Kisumu, nchini Kenya. Ilielezwa pia kuwa serikali inapanga kuua ndege hadi milioni sita. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa ndege, haba na haba humaliza gunia.

Hapa kwetu Imbo makundi si makubwa kiasi hicho, na ndani yake kuna minana na ndege wengine wadogo wala mbegu. Hata hivyo kazi yao ni ile ile. Punje ikiwa bado na maziwa wanaikamua na kuacha ganda tupu. Ikishakomaa wanaila yote, na nyingine wanaipukutisha chini.

Bunduki inafanya nini hasa?

Wanaosifu bunduki hutoa mfano wa Ulaya, na mfano huo upo kweli. Nchini Uingereza adui mkubwa wa mkulima ni njiwa wa msituni, mnene kuliko njiwa tunaowafuga, anayekula kabichi, njegere na nafaka. Sheria ya huko inaruhusu, kwa masharti, kumpiga ili kuokoa mazao. Mpigaji hujificha nyuma ya wavu na matawi pembeni mwa shamba. Mbele yake hupanga sanamu za njiwa, vichwa vimeelekea upepo unakotoka, ili njiwa wanaopita juu wadhani wenzao wanakula kwa amani. Wakishuka kujiunga nao, anapiga.

Je, njiwa wamekwisha? La. Katika miaka ya 1960 mtafiti R. K. Murton aliwachunguza njiwa hao katika mashamba ya Cambridgeshire. Aligundua kuwa kuwapiga wakati wa baridi hakukupunguza idadi yao. Chakula cha majira ya baridi kilitosha njiwa kadhaa tu, na wengi waliopigwa risasi wangekufa kwa njaa. Waliobaki walipata chakula zaidi, wakazaa kama kawaida. Leo hii, baada ya miaka mingi ya kuwapiga, Uingereza inakadiriwa kuwa na jozi zaidi ya milioni tano za njiwa hao.

Faida ya bunduki, basi, ni kuwaondoa ndege katika shamba moja kwa wiki ile ambayo zao liko hatarini. Faida hiyo inapatikana pia kwa mtu mwenye debe na fimbo, mradi awepo kwa wakati unaotakiwa.

Aidha, tambarare yetu si mahali pa kufyatua marisau. Marisau yaliyopigwa kwa mshazari yanaweza kwenda zaidi ya mita 200 kabla ya kuanguka. Ndani ya mita 200 za shamba lolote la Imbo yupo mtu anayefungua maji mferejini, yupo mama anayepalilia, yupo kijana anayepita na baiskeli. Kanuni ya kwanza ya wapigaji wa Uingereza ni kutofyatua kabla hujajua kilicho mbele na nyuma ya ndege, na kutompiga kamwe ndege anayeruka chini usawa wa watu. Atakayeifuata kanuni hiyo hapa kwetu atarudi nyumbani na risasi zake zote.

Gobori la kuungwaunga ni baya zaidi, maana hatari inaanza kwa aliyelishika. Na kuwa na silaha bila kibali ni kosa, Burundi na Tanzania vile vile. Juu ya yote, katika nchi iliyopitia tuliyoyapitia sisi, mlio wa bunduki alfajiri hauwafukuzi ndege peke yao.

Sumu inayofika sokoni

Zipo sumu za ndege zinazotumiwa na serikali. Kwa kweleakwelea inayojulikana zaidi ni fenthioni, ambayo hunyunyiziwa na ndege za angani juu ya mahali makundi yanapolala au kuzalia. Shirika la kudhibiti nzige wa jangwani la Afrika Mashariki, DLCO-EA, lililoanzishwa mwaka 1962, limefanya kazi hiyo kwa miaka mingi katika nchi wanachama, Kenya na Tanzania zikiwamo.

Hata inapofanywa na wenye ujuzi, kazi hiyo ina mabaki yake. Si kila ndege hufa pale pale. Wengine huruka na kuangukia mbali, wakaliwa na mwewe, bundi, paka na mbwa. Wengine huokotwa na watu. Ndiyo maana maofisa huonya kila mara kwamba ndege waliokufa baada ya kunyunyizia wasiliwe wala kuuzwa.

Hatari kubwa zaidi ni sumu ya mtu binafsi. Kule Bunyala, magharibi mwa Kenya, karibu na mpaka wa Uganda, watafiti wa ndege waliandika mwishoni mwa miaka ya 2000 na baadaye jinsi uwindaji huo ulivyofanyika katika mashamba ya mpunga. Mwindaji alimfunga korongo hai shambani awe chambo cha kuwaita wenzake, kisha akatandaza konokono waliotiwa karbofurani, dawa ya wadudu iliyojulikana sana kwa jina la Furadan. Kwa njiwa na hua alitumia punje za mpunga zilizotiwa sumu hiyo hiyo. Ndege walioanguka waliuzwa kama kitoweo.

Waliokula walijiliwaza kwamba matumbo yakishatolewa nyama inakuwa salama. Si kweli. Sumu hiyo haikai tumboni tu, huingia katika damu na nyama, na kukausha au kukaanga si kinga ya kutegemea. Karbofurani na fenthioni zote mbili hushambulia mishipa ya fahamu.

Mwaka 2009, baada ya habari za simba na wanyama wengine kuuawa kwa sumu hiyo, kampuni iliyoitengeneza Furadan ilitangaza kuiondoa katika soko la Kenya. Mwaka 2017 karbofurani iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Rotterdam, na mwaka 2025 zikafuata aina kali za fenthioni. Maana ya orodha hiyo ni kwamba nchi haipaswi kupelekewa kemikali hizo bila serikali yake kwanza kuamua kama inazikubali. Lakini kifuko kidogo kilichofichwa chini ya gunia la mchele hakisomi mikataba.

Neno kwa wanaovuka mpaka

Ndugu mfanyabiashara, ukiletewa fungu la ndege waliokaushwa, uliza mambo matatu kabla ya kutoa fedha. Wametegwa na nani? Wametegwa wapi? Je, eneo hilo limenyunyiziwa dawa siku za karibuni? Mtegaji wa kweli atakuonyesha mtego wake, na mara nyingi atakuwa na ndege walio hai bado. Anayekuambia "waliokotwa" amekwisha kukujibu. Ndege aliyekufa hakuambii amekufaje, kwa hiyo usipojua, acha.

Dawa ya shambani isiyo na karatasi yake ya maelezo, au iliyofungwa upya katika mfuko wa nailoni, usiibebe hata kama faida yake inavutia. Ikimwagika garini juu ya mchele, watakaoula ni wateja wako.

Mtu aliyekula au kushika sumu hizi hutokwa mate na jasho jingi, hutapika, tumbo hukata, mboni za macho husinyaa kuwa ndogo sana, misuli hutetemeka na pumzi huwa nzito. Usimlazimishe kutapika, wala usimpe maziwa ukidhani ni dawa. Mvue nguo zilizolowa sumu, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni huku ukijikinga mikono, kisha mkimbize hospitali. Chukua na kifuko cha dawa au mabaki ya chakula, ili mganga ajue anapambana na nini. Hospitali wana dawa iitwayo atropini, na dakika ni mali.

Kuamia kwa akili

Basi tubaki na nini? Kwanza, mtego na wavu. Wilayani Kondoa, katikati ya Tanzania, watu wamekuwa wakiwatega kweleakwelea kwa mitego ya kusuka na kwa nyavu, na kuwafanya kitoweo na biashara. Nyama hiyo haina sumu, na ndege asiyekusudiwa akinaswa anaweza kuachiwa akiwa mzima. Wavu pia unafaa kufunika kitalu cha miche.

Pili, kuamia, yaani kulinda shamba dhidi ya ndege, kwa mpango. Tangu mpunga kutoa maua hadi kukomaa ni siku 30 hivi. Hizo ndizo siku za vita, si msimu mzima. Ndani ya siku hizo, saa mbaya zaidi ni kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4, na tena kuanzia saa 9 alasiri hadi jua kuzama. Saa za jua kali ndege wengi hupumzika vivulini.

Tatu, kupanda pamoja. Shamba lililotangulia kutoa masuke peke yake hulisha ndege wa kijiji kizima, na lililochelewa vile vile. Majirani wakipanda katika wiki moja, hasara hugawanyika na ulinzi hurahisika. Fyekeni pia majani yenye mbegu kingoni mwa mifereji, maana ndiyo yanayowakaribisha ndege kabla mpunga haujakomaa. Utepe wa kaseti kuukuu uliokazwa juu ya shamba huvuma kwenye upepo na kuwashtua, lakini wakiuzoea hawaujali. Kwa hiyo hamisheni vitisho kila baada ya siku chache.

Nne, na hapa nasema kama mwalimu, mlinzi awe mtu mzima. Siku 30 za kuamia, ukitoa Jumamosi na Jumapili, ni zaidi ya siku 20 za masomo. Mtoto aliyezikosa siku hizo haachi somo moja, anaacha sura nzima ya hesabu, na akirudi hana pa kushikia. Daftari la mahudhurio linaonyesha wazi: wanaopotea wakati wa masuke ndio wale wale wanaorudia darasa mwisho wa mwaka. Wazazi wengi wa watoto hao ni wenzetu tuliorudi nao, watu wenye kiwanja kidogo na mikono michache nyumbani. Ninawaelewa. Lakini ndio hao hao walioniambia kwamba waliporudi nchini, cheti cha shule kilikuwa mali pekee ambayo hakuna aliyewagombania.

Upo utaratibu usiohitaji fedha. Wakulima 10 ambao viwanja vyao vinapakana wajipange wawili wawili kwa siku, wajenge madungu mawili, moja kila upande. Kila mmoja atashika zamu mara moja katika siku tano. Kwa siku zote 30, hiyo ni siku sita tu kwa mtu. Mwenye udhuru abadilishane na mwenzake, na asiye na wa kubadilishana naye alipe kibarua wa siku moja. Hakuna familia inayoshindwa siku sita.

Zamu hizo zipangwe kabla ya kupanda, siku ile ile vyama vya wakulima vinapokubaliana tarehe ya maji na mbegu. Ziandikwe majina na kubandikwa mahali pa wazi. Ndege hawangoji mkutano wa pili.