Makaburi ya Kanisa Katoliki Nyeri: historia ya Mathari na mambo ya kujua kabla ya mazishi

Mkatoliki akifariki katika Kaunti ya Nyeri, si lazima azikwe shambani kwao. Parokia yake ikiwa na makaburi, sheria ya Kanisa inamruhusu kuzikwa huko, isipokuwa yeye mwenyewe au familia imechagua mahali pengine. Mashamba yanapozidi kugawanywa, na mengine kuuzwa pamoja na makaburi ya wazazi yaliyomo, familia nyingi zitahitaji kuijua nafasi hii. Ni vizuri kuelewa makaburi ya kanisa yalivyoanza kwetu, na kipi kinaamuliwa na paroko, kipi na serikali.

Wamisionari wa Consolata kutoka Turin, Italia, walifika Tuthu, Murang'a, mwaka wa 1902 na kupokelewa na Karuri wa Gakure. Haikuchukua muda wakavuka hadi Nyeri, na Mathari ikawa kituo chao kikubwa. Palijengwa kanisa, shule na hospitali, na pakatengwa mahali pa kuzikia.

Hilo la mwisho halikuwa dogo. Kwa mila ya Agikuyu wa wakati ule, waliozikwa kwa kawaida ni wazee wenye hadhi na mali. Wengine wengi walipelekwa msituni, na kazi iliyobaki ikawa ya fisi. Mgonjwa aliyekaribia kukata roho mara nyingi alitolewa nje, maana kifo ndani ya nyumba kilileta thahu. Kumchimbia kila mtu kaburi, awe mtoto, maskini au mgeni, na kuandika jina lake katika daftari, ni desturi iliyoletwa na misheni na kusukumwa pia na serikali ya kikoloni. Leo tunaiona kama ya tangu jadi, ingawa umri wake kwetu ni karne moja na kitu.

Kati ya waliozikwa Mathari alikuwepo Sista Irene Stefani, ambaye wenyeji walimwita Nyaatha, yaani mama mwenye huruma. Alifika Kenya mwaka wa 1915. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia aliwauguza wapagazi wa jeshi, wale wa Kariakoo, katika hospitali za Voi, Kilwa na Dar es Salaam. Baada ya vita alihudumu Gikondi, Mukurwe-ini, na huko ndiko alikofariki tarehe 31 Oktoba 1930 kwa ugonjwa wa tauni, baada ya kumhudumia mgonjwa. Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa Mwenyeheri katika ibada iliyofanyika hapa Nyeri, kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi. Masalia yake yalikuwa yamefukuliwa Mathari, na sasa yako katika Kanisa Kuu la Consolata mjini Nyeri, ambako mwananchi yeyote anaweza kwenda kusali.

Huko huko Mathari kuna Kanisa la Kumbukumbu la Waitaliano, lililojengwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ndani yake amezikwa Amedeo, Mtawala wa Aosta, aliyekuwa mwakilishi wa mfalme wa Italia katika Afrika Mashariki ya Kiitaliano. Alisalimu amri Amba Alagi, Ethiopia, mwezi Mei 1941, akaletwa Kenya kama mfungwa wa vita, na akafariki Nairobi tarehe 3 Machi 1942 kwa kifua kikuu na malaria. Amelala pamoja na askari wake 676, ambao mabaki yao yamewekwa katika vijumba vidogo ukutani.

Hapa inafaa kulinganisha kidogo. Askari hao waliokuja kama maadui wana ukuta wa kumbukumbu ambao ndugu zao wanaweza kuusimamia. Wapagazi wetu waliokufa katika vita vilivyotangulia, makumi ya maelfu, hawana. Mnara wao ulioko Kenyatta Avenue, Nairobi, una sanamu tatu lakini hauna orodha ya majina. Tofauti hiyo ilitokana na nani aliandikwa na nani hakuandikwa. Ndiyo sababu karatasi za mazishi, ambazo familia yenye majonzi huziona kama usumbufu, zina maana.

Karatasi ya kwanza ni kibali cha mazishi. Kifo kikitokea hospitalini, hospitali ndiyo inayotoa taarifa ya kifo. Kikitokea nyumbani, familia impelekee taarifa naibu wa chifu wa eneo hilo. Kifo cha ajali, cha ghafla au chenye shaka huanzia kituo cha polisi. Paroko hana uwezo wa kuruhusu mazishi bila kibali, hata kama marehemu alikuwa mwenyekiti wa parokia. Jambo linalowapotezea wengi muda ni hili: kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Cheti huombwa baadaye kwa msajili wa vifo, na kibali hicho ni mojawapo ya stakabadhi zitakazohitajika. Toa nakala kabla ya kukikabidhi makaburini au makafani. Bila cheti, benki, malipo ya uzeeni na urithi wa shamba vyote vitakwama.

Ya pili ni daftari la marehemu la parokia. Baada ya mazishi, sheria ya Kanisa inataka jina liandikwe humo. Hakikisheni limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho, maana jina la ubatizo pekee halitoshi. Katika parokia moja kina Maria Wanjiru ni wengi.

Kuhusu nani anaweza kuzikwa, watu wengi bado wanaishi na hofu za zamani. Anayejiandaa kubatizwa huhesabiwa kama muumini. Mtoto aliyefariki kabla ya ubatizo anaweza kufanyiwa ibada ya mazishi iwapo wazazi walikusudia kumbatiza, kwa ruhusa ya askofu. Aliyejitoa uhai hayumo katika orodha ya wanaonyimwa mazishi katika sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, ingawa ya zamani ilimkataza. Kuchoma mwili hakukatazwi, ijapokuwa Kanisa linapendelea kuzika. Majivu lakini yawekwe mahali patakatifu kama makaburini, yasimwagwe wala kuwekwa kabatini nyumbani. Panapokuwa na shaka, paroko humuuliza askofu, naye askofu ndiye mwenye kuamua. Mwone paroko mapema kupitia jumuiya au katekista, kabla tarehe haijatangazwa redioni.

Makaburi ya kanisa, hata yakiwa kwenye ardhi ya kanisa, hayako nje ya sheria. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeweka makaburi, makafani na mahali pa kuchomea maiti chini ya serikali za kaunti kama sehemu ya huduma za afya.

Sheria ya Afya ya Umma inakataza kufukua mwili bila kibali, uwe umezikwa kanisani au shambani. Hata viongozi wakuu wa Kanisa huhamishwa kwa utaratibu. Kardinali Maurice Otunga, aliyefariki mwaka 2003, alizikwa kwanza St. Austin's, Nairobi, na mwaka 2005 masalia yake yakahamishiwa Bustani ya Ufufuko, Karen. Familia inayouza shamba lenye kaburi isikodi vijana wa kuchimba usiku. Iende kwanza kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo, ikiwa na cheti cha kifo na uthibitisho kwamba ni jamaa wa karibu, ielekezwe namna ya kuomba kibali.

Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba, Wakatoliki huyatembelea makaburi kuwaombea marehemu, na tarehe 2 ndiyo siku yao rasmi. Wanaokwenda wabebe jembe na rangi: majina mengi kwenye misalaba ya mbao yamefutwa na mvua, na walio hai wanaoyakumbuka wanazidi kupungua.