Pikipiki ya nozeli kugeuzwa ya kabureta: ugumu hauko kwenye petroli

Mwendesha boda boda wa Arua mwenye pikipiki inayonyunyiziwa mafuta kwa kompyuta huijua tofauti yake siku inapokataa kuwaka. Mafundi wengi wamekulia kwenye Bajaj Boxer za kabureta, hivyo ushauri huja upesi: toa nozeli, weka kabureta. Ushauri huo si wa kijinga, ila umeruka sehemu iliyo ngumu zaidi.

Pikipiki hizo zilizidi kuenea duniani baada ya India, zinakotoka boda boda nyingi, kuanza kutekeleza kanuni kali za moshi tarehe 1 Aprili 2020, hatua iliyowafanya watengenezaji wengi kuiacha kabureta katika soko lao la ndani.

Kabureta haina siri. Petroli hushuka yenyewe kutoka tangini, boya huizuia isifurike, na hewa inayovutwa na injini huinyonya kupitia tundu dogo la jeti. Ikiziba, hufunguliwa kwa bisibisi, ikasafishwa na kupulizwa. Nozeli hutegemea pampu iliyo ndani ya tangi, inayosukuma petroli kwa shinikizo la takriban baa 3, huku kompyuta ikiamua ifunguke kwa elfu ngapi za sekunde.

Uchafu mdogo huidhuru, na petroli ya madumu ina historia ndefu West Nile. Tangu miaka ya 1980 vijana walioitwa OPEC Boys waliivusha kutoka Kongo na kuiuza kandokando ya barabara za Arua. Petroli iliyomiminwa mara nyingi, kutoka dumu hadi chupa, hukusanya vumbi na maji. Kabureta huvumilia hayo kwa kiasi; nozeli haivumilii.

Lakini kompyuta inayoongoza nozeli ndiyo pia, katika pikipiki nyingi, inayotoa amri ya cheche ya plagi. Fundi akiing'oa, petroli itafika na moto hautawaka. Itabidi aweke CDI pamoja na koili inayolingana nayo, na mara nyingi abadili hata magneto, kwa kuwa gurudumu lenye meno mengi linalosomwa na kompyuta halitoi ishara ambayo CDI ya kawaida inaielewa. Hapa ndipo fedha za mwenye pikipiki huishia, naye anaendelea kudaiwa rejesho la kila wiki.

Tangi nalo halitaki haraka. Pampu ikitolewa huacha tundu kubwa chini, linalopaswa kuzibwa kwa bamba na mpira usioyeyushwa na petroli, kisha kuwekwa koki. Tone linalovuja juu ya injini yenye joto ni hatari ya moto, tena abiria yuko nyuma.

Kwa hiyo uchunguzi hutangulia spana. Swichi ikifunguliwa, pampu husikika ikivuma kwa sekunde mbili au tatu. Ikinyamaza, zianze kukaguliwa fyuzi na betri, maana betri dhaifu huzaa dalili zilezile za nozeli mbovu. Taa ya onyo kwenye dashibodi huhesabiwa inavyomweka, kwani katika aina nyingi idadi hiyo hutaja kosa. Chujio nalo hukaguliwa.

Anayeamua kugeuza hata hivyo, kwa sababu kati ya Arua na Koboko, zaidi ya kilomita 50, hapati mwenye kifaa cha kuisoma kompyuta, ana haki ya kuuliza kwanza bei ya magneto na CDI, wala si ya kabureta peke yake. Vipuri vilivyotolewa avidai na kuvihifadhi: mnunuzi wa baadaye huenda akavitaka.