Rili ya Kuvulia Mbuta: Tazama Gia Kabla ya Kutoa Shilingi



Wengi wenu mnaijua njia ya Rhino Camp. Kazi ikiisha Jumamosi, watu wa Arua hupanda lori au pikipiki wakateremka mpaka mtoni, na wenzetu wa Koboko hupitia Yumbe mpaka Obongi. Mito yetu ya karibu, Enyau na Kaya, ni midogo. Samaki mkubwa yuko Nile.

Huko yuko mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara. Yeye ni mwenyeji wa Nile na wa Ziwa Albert tangu zamani. Wale wa Ziwa Victoria walipelekwa na watu katika miaka ya 1950 na 1960. Mkubwa kabisa katika daftari la dunia la wavuvi wa ufito na rili alikuwa na ratili 230, yaani kilo 104, naye alivuliwa Ziwa Nasser huko Misri mwaka 2000, katika maji ya Nile hii hii.

Zamani ufito na rili vilikuwa vitu vya watalii wa Murchison Falls. Sasa vijana wa karakana na wa mashamba nao wanavitaka, na hata wenzetu waliokwenda kukata miwa Kinyara wanaulizia. Hakuna ubaya. Lakini fedha inapotea bure, na ndiyo sababu ya kuandika makala hii.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilinunua rili inayong'aa, nyekundu na nyeusi, yenye karatasi iliyosema ina beringi 13. Nilitoa karibu nusu ya mshahara wa mwezi. Safari ya pili mtoni, mbuta wa kadiri, labda kilo nane, aliuma chambo. Nilizungusha mkono wa rili, nikasikia mlio kama wa kusaga mchanga, kisha mkono ukazunguka bure bila kuvuta kitu. Nilimvuta yule samaki kwa vidole, na mshipi ukanikata kidole cha shahada hadi Jumatatu nikashindwa kushika spana vizuri. Nilipoifungua ile rili nyumbani nikaona gia yake ni ya madini laini ya kumimina, na meno matano yamelala chini. Beringi zote 13 zilikuwa nzima kabisa!

Sasa tuelezane. Ziko rili za namna mbili. Ya kwanza kigurudumu chake kinachobeba mshipi hakizunguki unapotupa. Mshipi huchomoka wenyewe kwa mbele. Hiyo ni rahisi kujifunza, nayo yafaa kwa chambo chepesi. Ya pili, ndiyo tunayoisema hapa, kigurudumu chake kimelala juu ya ufito na huzunguka pamoja na mshipi, kama bobini ya cherehani. Unakizuia kwa kidole gumba. Hii ndiyo ifaayo kwa chambo kizito, yaani samaki bandia wa mti au plastiki mwenye urefu wa sentimita 15 hadi 20 na uzito wa gramu 80 au zaidi.

Samaki huivunja rili mara chache, lakini chambo huichosha kila dakika. Fanya hesabu. Ukitupa mara 200 kwa siku, kila mara mita 30, na kila mzunguko wa mkono unarudisha sentimita 60 za mshipi, umezungusha mara 10,000 kwa siku moja, na kila mzunguko unavuta kitu kinachopigana na maji. Mtu aliyefanya kazi kwenye kinu cha unga anajua maana yake. Marekani na Kanada yuko samaki mwenye meno aitwaye muskellunge. Wavuvi wake wa Wisconsin na Minnesota hutupa chambo cha gramu 100 mpaka 200 kutwa nzima, na wao ndio waliojifunza, kwa kuvunja rili nyingi, ni ipi inayodumu. Walichojifunza kinatufaa sisi wa Nile.

Jambo la kwanza ni gia. Iwe ya shaba ya njano, ile ya koki za maji, au ya chuma kisichoshika kutu, na iwe nene. Muuzaji hatapenda, lakini omba kuondoa kifuniko cha pembeni. Kwa rili nyingi ni skrubu tatu tu. Ukikatazwa, shika rili sikioni uzungushe polepole sana huku rafiki yako akivuta mshipi kwa nguvu. Gia nzuri huzunguka kwa uzito ulio sawasawa. Mbaya hurukaruka.

Jambo la pili ni hesabu ya mzunguko, nayo imeandikwa ubavuni: 5 kwa 1, 6 kwa 1, 7 kwa 1. Maana yake ukizungusha mkono mara moja, kigurudumu huzunguka mara tano, sita au saba. Vijana hupenda saba kwa sababu ni ya mbio. Ndugu, hiyo ni sawa na kupanda kilima na gunia la muhogo juu ya baiskeli yenye sproketi kubwa mbele. Kwa chambo kinachozama na kuvuta maji, tano inatosha. Kigurudumu chenye upana wa sentimita 4 kikijaa mshipi hurudisha karibu sentimita 63 kwa mzunguko mmoja, nao ni mwendo mzuri kwa mbuta, ambaye kwa maoni yangu hapendi haraka.

Jambo la tatu ni kizuizi cha kurudi nyuma. Hapa mwenye baiskeli anafahamu kuliko mimi. Ile frihwili inayolia tik-tik-tik unapoacha kukanyaga pedali ina ulimi na meno; huruhusu upande mmoja na kukataa wa pili. Kampuni ya Shimano ya Japani, ambayo rili zake zinajulikana dunia nzima, ilianza mwaka 1921 katika mji wa Sakai, na kazi yake ya kwanza ilikuwa hiyo hiyo frihwili. Rili nyingi za sasa zina beringi ya njia moja badala ya ulimi. Ni tamu mkononi, lakini ikiingia oili nyingi huteleza, na mkono wa rili hukurudi kwa kishindo. Chagua rili yenye vyote viwili, ili kimoja kikishindwa kingine kishike.

Breki ni ile nyota iliyo chini ya mkono wa rili. Ndani yake mna washa zinazobanana. Za kaboni huvumilia joto kuliko za kitambaa kigumu. Usiikaze mpaka mwisho. Funga mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza, uvute, na ukaze breki mpaka ianze kuachia kwenye robo ya nguvu ya mshipi wako. Mshipi wa kusuka wa kilo 30, basi, breki iachie kwenye kilo saba na nusu hivi. Na kabla ya kujaza mshipi wa kusuka, zungushia kwanza mita chache za nailoni, maana wa kusuka ukiwa peke yake huteleza juu ya chuma, nawe utadhani breki imekufa.

Kuhusu majina. Wako Wasweden wa mji wa Svängsta ambao kiwanda chao kilianza mwaka 1921 kikitengeneza saa, baadaye mita za teksi, kisha rili. Mwaka 1952 walitoa Ambassadeur 5000, na baadaye ndugu zake wakubwa, 6500 na 7000. Umbo lake la ndani halikubadilika sana kwa miaka mingi, kwa hiyo fundi aliyefungua moja anaweza kufungua nyingine. Hiyo 6500 au 7000 iliyotumika, ikiwa gia ni nzima, mimi ningeichukua kabla ya rili mpya inayong'aa. Huko Marekani rili nzito za daraja la juu kabisa hupita dola 300. Hizo tuwaachie wenyewe.

Ukinunua iliyotumika, angalia pia ile skrubu ndefu ya mbele inayompeleka kiongozi wa mshipi kushoto na kulia. Hiyo huliwa na mchanga kuliko kitu kingine chochote. Kama kiongozi anasimama kidogo akifika pembeni kabla ya kurudi, kijino chake kimekwisha. Ni kipuri kidogo, ila uliza kwanza kama kinapatikana, na upunguziwe bei.

Lazima niseme pia neno ambalo wauza rili hawatalisema. Kama unataka kitoweo tu, mshipi wa mkono na ndoana yenye chambo cha samaki hai utakulisha kwa bei ndogo sana, na wavuvi wa Panyimur na Pakwach hawakungojea rili kupata mbuta. Rili inafaa kwa anayependa kutupa, na anayetaka kufikia maji ya mbali bila mtumbwi. Kufika mbali bila kuingia majini si jambo dogo, kwa kuwa mamba wa Nile hawajui siku ya mapumziko. Simama mahali palipo wazi, mbali kidogo na ukingo, na usioshe samaki pale pale ulipokuwa ukivua. Leseni na kipimo cha samaki anayeruhusiwa, uliza ofisi ya uvuvi ya wilaya kabla ya safari; ndani ya hifadhi ya Murchison Falls kibali hutolewa na mamlaka ya wanyamapori.

Watatu mnaweza kununua moja. Najua kikundi cha watu watatu wanaofanya hivyo, kila mmoja ana Jumapili yake, na aliyeitumia ndiye anayeisafisha. Huipangusa kwa kitambaa chenye maji safi bila kuizamisha, hutia tone moja la oili nyepesi kwenye beringi na grisi kidogo kwenye gia, na hulegeza breki kabisa kabla ya kuitundika ukutani, ili washa zisigandamane.