Mchango wa Jeni ya MYC katika Kutokea kwa Limfoma ya Burkitt

Mnamo mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliowapata watoto wa Kiafrika. Ilipofika mwaka 1982 ndipo ilipobainika kwamba jeni inayohusika, MYC, imehama mahali pake. Makala hii inaeleza jinsi uhamaji huo unavyochangia saratani.

MYC hubeba maelekezo ya kutengeneza protini inayodhibiti unukuzi, yaani hatua ya kunakili taarifa za DNA kuwa RNA. Protini hiyo huungana na nyingine iitwayo MAX, kisha zote mbili hujishikiza kwenye mfuatano CACGTG, karibu na jeni nyingi zinazosimamia utengenezaji wa ribosomu, matumizi ya glukosi na mgawanyiko wa seli. Katika seli yenye afya, protini ya MYC huvunjwa baada ya muda mfupi, takribani nusu saa, na jeni yenyewe hunyamazishwa seli inapotulia.

Katika limfoma hii, kromosomu ya 8 na ya 14 za seli B hukatika na kubadilishana vipande. (Kwa wagonjwa wachache, mahali pa 14 huwa ni 2 au 22.) MYC hujikuta jirani na jeni ya kingamwili, ambayo seli B huitumia bila kukoma, nayo hutawaliwa na vichocheo vya jirani huyo. Protini yenyewe huweza kuwa na mabadiliko, lakini msingi wa tatizo ni kwamba haiachi kuzalishwa.

Maelezo mengi huishia hapo, nayo hayatoshi. Seli yenye MYC kupita kiasi kwa kawaida hujiua kupitia protini p53. Kwa hiyo uvimbe hukua pale tu kinga hiyo inapovunjika. Katika vivimbe vingi jeni ya p53 imeharibika. Aidha, virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964 katika seli za uvimbe uliotoka Uganda, huisaidia seli kukwepa kifo. Malaria ya mara kwa mara nayo huzichochea seli B na kuongeza uwezekano wa DNA yake kukatika.

Protini ya MYC haina mfuko bayana ambao dawa ingeweza kujipachika, hivyo ni vigumu kuizuia moja kwa moja. Tiba hushambulia kasi inayoletwa nayo: siklofosfamidi huharibu DNA ya seli zinazogawanyika, na tangu miaka ya 1960 watoto waliotibiwa Uganda na Kenya walionyesha kwamba uvimbe huu, licha ya ukali wake, huweza kuyeyuka.