Ngazi Mbili za Neno: Njia ya Kompyuta na Usahihishaji wa Makosa Darasani

Katika kusahihisha madaftari ya sarufi, mwalimu hukutana na mwanafunzi aliyeandika "nyumba mrefu" na mwingine aliyeandika "nyumba nrefu". Wote wawili hupewa alama ileile ya kosa. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba makosa hayo hayana asili moja, na kwamba njia inayotumiwa kuchambua maneno kwa kompyuta yaweza kutusaidia kuyatenganisha.

Msingi wa njia hiyo ni kwamba neno lina ngazi mbili. Umbo la ndani ni mofimu kama zilivyopangwa kabla sauti zake hazijaathiriana. Umbo la nje ni lile tunalolitamka na kuliandika. Hivyo mu+alimu huwa mwalimu, ki+akula huwa chakula, na n+limi, yaani wingi wa ulimi, huwa ndimi.

Hapo zamani wanaisimu walizoea kupanga kanuni kwa mfuatano, umbo la ndani likibadilika hatua kwa hatua. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alieleza utaratibu mwingine. Kanuni zote hufanya kazi kwa pamoja, na kila moja hulinganisha herufi za ngazi mbili, jozi kwa jozi:

Ndani: n l i m i
Nje: n d i m i

Hapa kanuni yasema kwamba l au r ya ndani hulingana na d ya nje ikitanguliwa na n ya ngeli. Kila kanuni hugeuzwa kuwa mashine sahili yenye hali chache zinazohesabika, ambayo kazi yake ni kukubali au kukataa jozi. Kwa kuwa hulinganisha tu, mashine hiyo haina upande mmoja: huunda neno kutoka ndani kwenda nje, na vilevile hulichambua kutoka nje kurudi ndani. Mwaka 1992 Arvi Hurskainen, wa chuo kikuu hichohicho, alichapisha maelezo ya jinsi utaratibu huu unavyotumika kwa Kiswahili.

Uchambuzi wa namna hii hufichua mambo yaliyojificha. Mathalani, umbo la nje "ua" lina maumbo ya ndani zaidi ya moja: ua la mti, ambalo wingi wake ni maua, ua wa nyumba, ambao wingi wake ni nyua, na kitenzi cha kuondoa uhai. Mashine huyatoa yote, kisha sentensi ndiyo huamua lipi limekusudiwa.

Hata hivyo, kanuni zina mipaka. Wa+ingi huwa wengi na wa+izi huwa wezi, lakini wa+imbaji hubaki waimbaji. Kadhalika, tunasema chakula na chombo, ilhali kiatu na kiongozi hazibadiliki. Kwa hiyo kamusi ya mashine hapana budi ionyeshe ni mizizi ipi inayofuata kanuni na ipi isiyoifuata. Mwanafunzi aandikaye "wembaji" hakukosa kufikiri. Amevusha kanuni nje ya mpaka wake.

Sasa tuyatazame tena makosa yetu mawili. Aliyeandika "nrefu" amechagua kiambishi sahihi cha ngeli. Umbo lake la ndani, n+refu, halina dosari. Kilichompungukia ni kanuni ya kulipeleka nje liwe "ndefu". Aliyeandika "mrefu" amekosea ngazi ya ndani, kwani ameiweka nyumba katika ngeli isiyo yake. Wa kwanza yafaa apewe ndimi, ndevu na ndefu azilinganishe; wa pili arudishwe kwenye upatanisho wa kisarufi.

Twashauri basi mwalimu achore mistari miwili ubaoni, wa ndani na wa nje, na kuwataka wanafunzi wapange herufi zikabiliane, wakiweka kistari palipo na herufi iliyodondoka:

Ndani: m u t o t o
Nje: m – t o t o

Kisha wao wenyewe waitaje kanuni na kutafuta maneno yanayoikiuka. Zoezi hili halihitaji kompyuta. Chaki na ubao vyatosha. Mwalimu naye atajua kosa limetokea ngazi ipi kabla hajaanza kulirekebisha.