Mlakasa au Mvinje: Upi Nafuu kwa Kiwanja cha Mchanga?

Kusi ikianza kuvuma, mwenye nyumba karibu na ufuo wa Likoni hufagia mchanga asubuhi na jioni. Kuna mimea miwili ya kumpunguzia kazi: mlakasa, unaotambaa na kuchanua maua ya zambarau kila asubuhi, na mvinje, ambao wengi huudhania msonobari kwa vile vitunda vyake vya magamba.  

Mlakasa hauuzwi. Omba kwa jirani aliye nao, kata shina lenye vifundo vitatu au vinne, ulaze mchangani, ufukie vifundo, acha majani nje. Kila kifundo hutoa mizizi yake. Usiung'oe ufuoni, maana ndio unaoshikilia mchanga pale.

Mche wa mvinje si ghali. Pesa huishia kwenye maji: ukipanda wakati wa kaskazi, mwenye mkokoteni wa majerikeni atakuzoea. Ngojea mvua za masika. Ukishika, hauhitaji mbolea nyingi, kwani vijidudu vya mizizini huupatia naitrojeni. Mwaka 1971, René Haller alipoanza kurudisha uhai machimbo ya saruji ya Bamburi, alijaribu aina 26 za miti juu ya mwamba mtupu. Zilizosalimika ni tatu tu, na mvinje ulikuwamo. Baada ya miaka minne hadi sita unakata nguzo za kujengea, na mafundi hawazikatai.

Hasara yake iko juu ya paa. Vijiti vyake vyembamba hudondoka mwaka mzima, huziba mfereji wa mabati na kuingia tangini. Huku pwani ambako visima vingi vina maji ya chumvi, tangi la mvua si la kuchezea. Isitoshe, mti huu hufika hata mita 30, na nyaya za umeme ziko chini zaidi.

Wa Changamwe, kwenye udongo mzito, asihangaike na mlakasa. Huo ni wa mchanga. Mwenye shamba la ekari moja Kisauni apande mivinje mpakani, mbali na nyumba, auze nguzo. Lakini kiwanja cha futi 40 kwa 80? Mlakasa upande wa bahari, basi. Pesa za mche na maji nunulia wavu wa kukingia mfereji.